Hema la juu ya gari, au ulale chini? Namna ya kupima kabla hujanunua

Kila anayeanza kupiga kambi kwa gari hufika kwenye maswali yaleyale. Gari langu litalibeba hema la juu? Lina maana kwa fedha linazokula? Hema la kawaida halitoshi? Mbona wengine wanalala ndani ya gari na hawalalamiki? Majibu hugongana kwa sababu kila anayejibu ana gari lake na safari zake kichwani. Mwongozo huu unakupa njia ya kupima kwa gari lako, mwili wako na ratiba yako, ili jibu litoke kwenye vipimo vyako mwenyewe.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Usingizi mzuri ambao watu husifia kwenye hema la juu hutokana zaidi na mambo mawili: godoro nene na mahali palipo sawa. Yote mawili unaweza kuyapata ukiwa umelala ardhini. Faida ambazo hema la juu linazo peke yake ni kufungua na kufunga haraka, kulala mbali na matope na wadudu watambaao, na kutohitaji ardhi laini ya kupigia vigingi. Kama safari zako hazihitaji mambo hayo matatu, utabeba kilo sitini juu ya paa bure.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitabu cha gari, kile kilichokuja nalo.
- Karatasi za keria, zenye uzito wa keria yenyewe na uzito inaoruhusiwa kubeba.
- Vipimo vya hema unalolitamani: uzito, urefu na upana likiwa limefungwa, na umbali unaotakiwa kati ya vyuma vya keria.
- Futi ya kupimia ya mita tano.
- Pimamaji, au programu ya pimamaji kwenye simu.
- Mizani ya nyumbani ya kupimia matandiko.
- Karatasi na kalamu. Hesabu za kichwani ndizo zinazowaponza wengi hapa.

Hatua ya 1: Tafuta uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likitembea

Paa lina uzito wa aina mbili. Wa kwanza ni ule linaloweza kubeba gari likiwa kwenye mwendo, likipiga breki, kukata kona na kuruka mashimo. Huu ndio ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Magari mengi madogo huruhusu kati ya kilo 50 na 75, na makubwa mengi hufika kilo 100. Wa pili ni ule linaloubeba likiwa limesimama, nao ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa kwanza. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kulala juu ya paa lililoandikiwa kilo 75: gari halitembei, na ngazi nayo hupokea sehemu ya mzigo.

Anayeanza huchanganya hizi mbili kwa namna mbili tofauti. Mmoja hujumlisha uzito wa hema na wa watu, akaona gari halifai kabisa. Mwingine husikia kwamba paa lilibeba watu wawili usiku kucha, akadhani atasafiri na kilo 150 juu. Usijumlishe watu kwenye hesabu ya gari likiwa kwenye mwendo, wala usisafiri na mzigo unaofaa gari lililosimama tu.

Uzito wa gari likiwa limesimama mara nyingi hauandikwi kitabuni. Muulize mtengenezaji wa gari na wa keria, wote wawili, kabla ya kununua.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya paa

Chukua namba tatu: uzito unaoruhusiwa kubebwa na paa, na keria, na miguu inayoshikilia keria. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo sheria yako. Keria inayobeba kilo 100 haiongezi nguvu ya paa linalobeba 75.

Kutoka kwenye namba hiyo, toa uzito wa keria yenyewe, kisha wa hema, kisha wa kila kitu kitakachobaki ndani ya hema au kando yake safarini: mito, mablanketi, ngazi, turubai la kivuli. Mfano:

- Paa linaruhusu kilo 75.
- Keria ina kilo 6. Zinabaki 69.
- Hema la turubai la watu wawili lina kilo 52. Zinabaki 17.
- Ngazi na matandiko ni kilo 9. Zinabaki 8.

Gari hili linafaa kwa lami. Sasa badilisha hema, uweke la kasha gumu lenye kilo 68. Ukitoa keria na hema unabaki na kilo moja, na bado hujahesabu ngazi wala matandiko. Hilo halifai. Mahema ya turubai ya watu wawili kwa kawaida huwa kati ya kilo 45 na 60, na ya kasha gumu kati ya 60 na 90, kwa hiyo tofauti hii inatokea mara kwa mara.

Kama utapita barabara mbovu, hesabu inabadilika. Watengenezaji wengi wa keria hutaka ugawanye uzito unaoruhusiwa kwa 1.5 ukitoka kwenye lami, kwa sababu kila shimo huuzidishia mzigo uzito. Kilo 75 zinakuwa 50, na gari la mfano wetu limeshindwa. Wengi huruka hesabu hii, wakaja kuona nyufa kwenye miguu ya keria.

Kuna namba moja zaidi: uzito wote ambao gari linaruhusiwa kuwa nao, pamoja na abiria, mafuta, maji na mizigo. Hema la paa linaingia humo pia. Familia ya watu watano yenye mizigo buti tele huenda imeshaumaliza kabla hema halijapanda.

Ukifeli hatua hii, usitafute njia ya kuizunguka. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Andika ratiba ya safari tatu zilizopita au zijazo

Andika mambo mawili kwa kila safari: ulilala sehemu ngapi tofauti, na mara ngapi ulihitaji gari mchana baada ya kuwa umeshapiga kambi.

Unayehama kila siku utanufaika na hema la juu. La kasha gumu hufunguka kwa dakika moja au mbili, la turubai kwa dakika tano hadi kumi. Hema la ardhini, pamoja na kujaza godoro upepo na kutandika, huchukua dakika ishirini au zaidi, na asubuhi hivyohivyo. Ukihama mara saba kwa wiki, unayaona masaa.

Unayekaa sehemu moja siku nne na kwenda matembezi kwa gari kila siku uko kwenye hali iliyo kinyume kabisa. Kila unapotaka maji, chakula au matembezi, lazima ukunje nyumba yako, uondoke nayo, urudi uifungue tena, na huenda nafasi yako imeshachukuliwa. Kwa safari za aina hii hema la ardhini ni bora, na hatusiti kulisema hilo. Usiku mtu akiugua, hema la ardhini linabaki pale na gari linaondoka mara moja.

Hatua ya 4: Hesabu watu, si vitanda

Pitia kila atakayelala na ujibu kwa ukweli.

Nani ataamka usiku kwenda haja? Kushuka ngazi ya mita mbili gizani, mvua ikinyesha, na usingizi bado machoni, ndiko watu wanakoumia. Mjamzito, mzee, mwenye magoti mabovu, na mtoto aliye chini ya miaka sita hivi hawafai kwenye ngazi bila msaidizi. Mbwa mkubwa atabebwa na nani?

Nani anageuka sana? Gari linakaa juu ya springi. Mmoja akigeuka, mwenzake anatikisika. Wengine hawaoni shida, wengine hawapati usingizi kabisa.

Upana nao upime. Hema linaloitwa la watu wawili likiwa na godoro la sentimita 120 ni sentimita 60 kwa kila mtu. Lala kitandani kwako usiku mmoja ukiwa umejiwekea mpaka wa upana huo, ndipo uamue.

Hatua ya 5: Pima njia nyingine kwa haki

Kosa kubwa ni kulinganisha hema jipya la juu na kihema cha zamani chenye mkeka mwembamba. Linganisha na kilicho bora cha kila aina.

*Hema la ardhini.* Tafuta lenye paa la nje linalostahimili maji kwa kipimo cha milimita 1500 au zaidi (yaani kimo cha maji ambacho kitambaa kinazuia kabla ya kuvuja), na sakafu ya milimita 3000 au zaidi, kwa sababu goti na kiwiko hukandamiza maji kupita. Chini ya sakafu tandika turubai lililo dogo kuliko hema kwa sentimita tano kila upande. Likizidi nje, linakusanya mvua na kuipeleka moja kwa moja chini ya mgongo wako. Chagua mahali palipoinuka kidogo, mbali na mkondo wa maji uliokauka, na usipige hema chini ya matawi makavu. Vigingi vipigwe vikiwa vimelala, kichwa kikielekea mbali na hema, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi.

Halafu godoro, na hapa ndipo fedha iende. Angalia kipimo cha R, kinachoonyesha jinsi godoro linavyozuia joto la mwili lisiishie ardhini. Mkeka wa sponji ngumu huwa na R ya karibu 2, unaotosha usiku wa joto. Kwa usiku wa baridi kali tafuta 4 au zaidi. Vipimo hivi vinajumlishika: mkeka wa R 2 chini ya godoro la R 3 unakupa 5. Godoro la upepo lisilo na kitu ndani, hata likiwa nene namna gani, halizuii baridi, kwa sababu hewa iliyomo huzunguka na kulibeba joto lako kwenda chini.

*Kitanda cha kukunja.* Kinafaa sana kwa wenye magoti na migongo mibovu, kwa kuwa unakaa kwanza ndipo unalala. Wengi hushangaa kuona wanapigwa na baridi kuliko walalao chini. Hewa inapita chini ya kitambaa, na begi la kulalia linabanwa na mwili upande huo likakosa unene. Weka mkeka juu ya kitanda, usiuweke chini yake.

*Ndani ya gari.* Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, ilhali kwa mtu mmoja anayehama kila siku inashinda hema la juu mara nyingi. Kunja viti vya nyuma, sogeza vya mbele kwenda mbele hadi mwisho, kisha pima kutoka mgongo wa kiti cha mbele hadi mlango wa buti. Unahitaji urefu wako na sentimita kumi zaidi. Pengo nyuma ya viti lijaze kwa masanduku yaliyolingana kimo na sakafu, juu yake weka ubao, kisha godoro. Fungua madirisha mawili yaliyo pande tofauti kwa sentimita mbili hadi tatu, na uyafunike kwa chandarua. Usiwashe injini ili upate joto ukiwa umelala: kaboni monoksaidi haina harufu, na huua mtu usingizini.

*Bembea ya kulalia.* Inahitaji miti miwili mizima, imara, iliyo mbali kwa mita nne hadi tano, na mikanda yenye upana wa sentimita 2.5 au zaidi ili isikate magamba ya miti. Kamba ishuke kwa nyuzi 30. Kwa pembe hiyo, kila upande hubeba mvuto unaolingana na uzito wako wote. Ukikaza hadi nyuzi 10, mvuto huo unakuwa karibu mara tatu, na hapo ndipo mikanda hukatika. Lala kwa mshazari, kichwa upande mmoja na miguu upande mwingine wa mstari wa katikati, mgongo utanyooka. Bila blanketi linaloning'inia chini ya bembea utasikia baridi mgongoni hata usiku usio wa baridi. Mahali pasipo na miti, huna pa kulala.

Hatua ya 6: Lala kwanza, nunua baadaye

Kodi au azima hema la juu kwa usiku mbili, si mmoja. Usiku wa kwanza kila kitu ni kipya. Wa pili ndio unaosema kweli. Asubuhi ya kila siku lifunge kabisa, uendeshe nusu saa, ulifungue tena. Angalia mambo haya:

1. Ukilala ubavu, nyonga inagusa ubao? Magodoro mengi yanayokuja na hema yana unene wa sentimita tano hadi saba tu.
2. Unafikia mikanda ya kufungia ukiwa umesimama chini, au lazima ukanyage tairi?
3. Hema likifungwa, matandiko yanabaki ndani bila kulazimisha?
4. Kimo cha gari ni kiasi gani sasa? Gari la mita 1.75, keria ya sentimita 10 na hema la sentimita 30 ni mita 2.15. Kiandike kimo hicho kwenye kikaratasi ukibandike karibu na usukani, kwa ajili ya milango ya maegesho na matawi.

Usiku mmoja mwingine lala chini kwenye hema la kawaida ukiwa na godoro zuri, si mkeka. Hapo umelinganisha.

Hatua ya 7: Ukichagua juu, funga hivi

1. Weka vyuma vya keria kwa umbali uliotajwa kwenye karatasi za hema. Umbali wa sentimita 75 au zaidi ni wa kawaida. Vikikaribiana mno, hema hunesa mbele na nyuma.
2. Amua ngazi itashukia upande gani, mbali na upande wa magari yanayopita.
3. Pandisha hema mkiwa watu wanne. Wawili wanaweza, lakini ndipo vioo na rangi huharibika.
4. Lisawazishe katikati, upime pande zote kwa futi.
5. Kaza mabano yote manne (vyuma vinavyobana hema kwenye keria) kidogokidogo kwa mzunguko wa msalaba, ukitumia nati za kujifunga zenye plastiki ndani. Usimalize moja ndipo uende nyingine.
6. Endesha kilomita 50, simama, kaza tena. Kwenye barabara mbovu kagua kila asubuhi.

Kambini, sawazisha gari kabla ya kufungua hema: panda juu ya vipande vya mbao kwa magurudumu ya upande wa chini, kisha vuta breki ya mkono na uweke vizuizi kwenye magurudumu. Mteremko mdogo ukibaki, kichwa kiwe upande wa juu.

Makosa yanayorudi kila msimu

Kuwasha jiko au mkaa ndani ya hema, la juu au la chini, hata kwa dakika chache. Usifanye kabisa.

Kufunga hema lenye maji na kulisahau. Ndani ya siku mbili kuvu huanza, na harufu yake haitoki. Ukilazimika kulifunga likiwa bichi, lifungue ukifika nyumbani siku hiyohiyo, libaki wazi hadi likauke pamoja na sehemu ya chini ya godoro.

Kubaki juu wakati wa radi. Kitambaa hakikulindi. Shuka mapema, ingia ndani ya gari lenye bodi ya chuma, funga milango na madirisha.

Kuliacha hema juu mwaka mzima wakati unalitumia mara tatu. Linakula mafuta kila siku na jua linaunguza kitambaa.

Mambo yakienda kombo

*Asubuhi godoro limelowa chini.* Mara nyingi si mvua. Watu wawili hutoa mvuke mwingi kwa kupumua usiku, na mvuke huo hugeuka maji ukifika kwenye ubao wa baridi. Weka wavu mnene wa kuingiza hewa chini ya godoro, na uache madirisha mawili yanayotazamana wazi kidogo hata kama kuna baridi. Kufunga kila kitu ili upate joto kunaongeza maji.

*Maji yanavuja kwenye mshono.* Kitambaa kipya cha pamba kinahitaji kuloweshwa na kukaushwa mara mbili au tatu kabla ya safari, ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya sindano. Kikiendelea kuvuja, paka dawa ya kuziba mishono kwa ndani, hema likiwa limekauka na limevutwa.

*Hema linatikisika upepo ukivuma.* Geuza gari ili upande mwembamba ndio ukabiliane na upepo, na ufunge turubai la ziada. Upepo ukizidi hadi vyuma vinapinda, kunja hema ulale ndani ya gari. Kwa sababu hiyo, acha viti vya nyuma vikiwa tupu kila usiku wenye dalili ya dhoruba.

*Kuna mluzi mkali barabarani.* Ni hewa inayopita kwenye vyuma vya keria au chini ya hema. Zungushia kamba vyuma vya mbele, au funga kizuia upepo. Mluzi ukianza ghafla siku ambayo haukuwepo, simama uangalie: huenda bano limelegea.

*Unasikia baridi kutoka chini ukiwa juu.* Ubao wa hema umezungukwa na hewa, sawa na kitanda cha kukunja. Ongeza mkeka wa sponji ngumu chini ya godoro kabla ya kununua begi jingine la kulalia.

*Zipu inakwama.* Mara nyingi ni vumbi. Isugue kwa mswaki mkavu, kisha pitisha mshumaa kwenye meno yake. Usipake mafuta, yanashika mchanga na kuiharibu kabisa.

*Ngazi inateleza.* Miguu yake ipo kwenye ardhi laini au pembe ni kali mno. Weka ubao chini yake na uilaze hadi ifike nyuzi 70 hadi 75, na uhakikishe kufuli zake zote zimejifunga kabla ya mtu wa kwanza kupanda.